Nimemficha Mama Siku ya Upasuaji, Nataka Kwenda na Miwani Tu

Mpendwa Bi. Nafula,

Salamu nyingi. Nakuandikia saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa wametoka, kwa sababu nina jambo ambalo nimelizungusha kichwani hadi sijui tena ni sehemu gani ninayoombea ushauri na ni ipi ninayotaka tu mtu anisikilize bila kuniita mwanangu maskini. Mimi ni msichana wa Kiislamu, wazazi wangu wana asili ya Kisomali lakini mimi nimezaliwa na kulelewa hapa Majengo, Pumwani. Nilisoma hadi diploma na sasa ni karani katika ofisi ya mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla, kazi yangu ni kupokea simu na kuandika maagizo ya wateja. Majina nitakayoyataja humu si ya kweli, na langu nakuomba usiliweke kabisa.

Mwaka jana uvimbe uliniota shingoni, na kwa kuwa navaa mtandio hakuna aliyeuona, nami nikauzoea, mpaka siku Triza, mwenzangu wa kazi, aliponikuta ninanawa uso ofisini nimejifunua akasema, "Wewe, hiyo ni nini? Usiniambie ni mandazi ya asubuhi yamekwama." Ndiye aliyenipeleka hospitali. Wakanichoma sindano wakatoa sampuli, na majibu yakawa kwamba ni saratani ya tezi ya shingoni, bado ndogo, na kwamba ikitolewa mapema watu wengi hupona.

Tarehe ya kwanza ya upasuaji ilipofika nililazwa, na asubuhi, wakati wa kuona wagonjwa, ukoo mzima ukaja. Labda hujui desturi yetu, Bi. Nafula, mtu akisafiri mbali au akiingia katika jambo la hatari watu humwendea wakaombana radhi, kila mmoja asamehe na asamehewe, kusiwe na kinyongo kilichobaki. Ni jambo jema na nimelifanyia watu wengine bila kufikiri mara mbili. Lakini sijawahi kuwa mimi ndiye niliyelala kitandani. Wa kwanza alikuwa mama mdogo Ambaro, sisi humwita habaryar, akanishika mkono kwa nguvu akasema, "Nisamehe. Ni mimi niliyewaambia wale watu wa Garissa waliokuja kukuposa kwamba unakoroma."

Nikamwambia, "Habaryar, mimi sikoromi."

"Najua. Ndiyo maana naomba radhi."

Akafuata binamu yangu Zakariye. "Dada, nisamehe. Ule mkoba wako wa kahawia haukupotea. Nilimpa mtu."

"Ulimpa nani?"

"Mtu tu. Nisamehe kwanza, habari ya nani tutaongea ukitoka." Akasita kidogo, kisha akaongeza, "Inshallah."

Lile inshallah lilinikaa kifuani kama jiwe. Mjomba Gedi naye, mtu ambaye sijawahi kuona chozi lake, alianza kusema akashindwa akageukia dirisha, na jirani yetu mzee aliyesimama mlangoni akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, "Alikuwa mtoto mzuri sana." Alikuwa, Bi. Nafula! Nami nipo pale namtazama! Walipita mmoja baada ya mwingine, na kila niliyemsamehe nilihisi nimefungiwa mlango mmoja nyuma yangu, na mama peke yake hakusema kitu, alikaa mwisho wa kitanda akashika mguu wangu juu ya shuka. Muuguzi alipokuja kunipima presha ilikuwa imepanda sana, wakangoja wakapima tena, ikawa vile vile, na daktari wa dawa ya usingizi akasema hawezi kunilaza katika hali hiyo. Wakaniondoa kwenye orodha ya siku ile, nikarudi nyumbani na uvimbe wangu shingoni, na nilifurahi, jambo ambalo hadi leo linanitia aibu.

Niliporudi kliniki, muuguzi mmoja mpole, nitamwita Sista Muthoki, aliniuliza kama ningependa kujaribu miwani wanayowajaribia wagonjwa wenye hofu kabla ya upasuaji. Si miwani ya macho. Ni kitu cheusi kikubwa kinachofunika nusu ya uso, ndani yake kuna picha, na ukikivaa unakuwa kama umehama pale ulipo. Alisema, "Si dawa, na ukisikia kizunguzungu unavua, hakuna atakayekulazimisha." Akanirekebishia mkanda taratibu juu ya mtandio, na ghafla nikawa nimesimama kwenye mashamba ya chai asubuhi, kuna ukungu, na sauti ya mwanamke inaniambia nivute pumzi ukungu unapopanda na niitoe unaposhuka. Niligeuka kutazama nyuma nikitegemea kuona kitanda na ukuta wa rangi ya maziwa, nikaona chai. Nikatazama juu, mbingu. Mimi sijawahi kwenda Kericho wala Limuru, safari yangu ndefu ni Garissa kwa mazishi, lakini pale nilijua ninaweza kusimama bila kuogopa. Nilipovuliwa nilikuwa nimelowa machozi na presha ilikuwa imeshuka. Sista Muthoki akasema, "Ona sasa. Si ni wewe yule yule?" Nimefanya hivyo kila nilipokwenda kliniki, na kila mara presha hushuka. Wakanipa tarehe mpya, Jumanne ya wiki baada ya ijayo, na wakapanga nivae miwani asubuhi yote ya siku hiyo wakati wa kungoja.

Nilipowaeleza nyumbani nilidhani watafurahi. Habaryar aliweka kikombe chini akauliza, "Kwa hivyo utafungwa sinema usoni, uende ukakutane na Mola wako ukiwa unaangalia majani ya chai?"

"Habaryar, siendi kukutana na Mola. Naenda kutolewa uvimbe."

"Wote husema hivyo."

Mwanawe Nuh akadakia, "Mama, na wewe ulipong'olewa jino si uliomba uwashiwe televisheni?"

"Nyamaza. Jino si shingo."

Mjomba Gedi hakufoka, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu kwamba mtu anayelazwa usingizi ambao hajui kama ataamka anapaswa kuwa na shahada ulimini, si picha machoni, na kwamba yeye hawezi kunizuia lakini nifikirie. Nimefikiria hadi nimechoka. Ninasali, Bi. Nafula, sitaki udhani ni msichana niliyepotea, lakini siku ile ya kwanza nilipojaribu kusoma dua yoyote nilisahau hata ile ninayoijua tangu madrasa, ulimi ulikuwa mkavu, maneno hayakuja.

Kisha mama akasema, "Siku ile sikupata nafasi ya kusema langu. Safari hii mimi nitakuwa wa kwanza." Akaingia jikoni. Sijui langu hilo ni lipi. Sitaki kulijua. Mama yangu hajawahi kuniomba radhi kwa lolote, na naona siku atakayoniomba nitaamini kweli kwamba nakufa.

Sasa nifike pale ninapokwepa kufika. Nimemwambia mama kwamba upasuaji ni Alhamisi. Siku ya Jumanne nimesema nina kazi ya kuhesabu bidhaa kwenye bohari, na kwamba Jumatatu nitalala kwa Triza kule Kayole ili tuamkie kazini pamoja. Hospitali nimewapa nambari ya Triza kuwa ndiye wa kupigiwa. Mpango wangu ulikuwa niende peke yangu, nivae miwani, niamke, ndipo wapigiwe simu jambo likiwa limekwisha. Niliona ni mpango mzuri. Lakini mama amekwisha kuwaalika wanawake wa mtaa waje Jumatano jioni wanisomee Yasini, amefua mapazia, na jana nilimkuta anakunja ile shuka yake nzuri ya maua anaiweka kwenye mfuko, nikauliza ni ya nini, akasema za hospitali ni baridi. Nilikwenda msalani nikakaa humo.

Tangu jana nafikiri bora niahirishe. Daktari mwenyewe alisema uvimbe ni mdogo na aina hii mara nyingi hukua polepole. Ningepata muda wa kuwaelewesha nyumbani, au wa kutubu huu uongo, au wa kupata ujasiri wa kwenda bila miwani kama mjomba anavyotaka. Halafu nimesoma mtandaoni kwamba wengine hubaki na sauti ya kukwaruza baada ya upasuaji huu, nami kazi yangu ni simu.

Naomba uniambie. Ni makosa mimi kwenda na miwani? Niende peke yangu kama nilivyopanga? Au niahirishe?

Ni mimi,
Karani, Pumwani

*

Karani, binti yangu,

Pole. Nimeisema kwa moyo wote na nitaisema mara hii moja tu, kwa sababu siku zenyewe ni chache na kazi ni nyingi.

Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lililonikalisha wima. Hapana. Huahirishi. Daktari aliposema uvimbe ni mdogo alikuwa anakuambia habari njema ya kukuharakisha, wewe umeifanya kisingizio cha kukaa. Nimeisoma barua yako mara mbili na kuna kitu nataka ukione. Miwani umenisimulia hadi nikaona ukungu, familia yako nimewajua mmoja mmoja hadi nikacheka peke yangu, lakini saratani umeipitia kwa sentensi moja ukakimbia. Nakuelewa. Ila yenyewe, ndani ya shingo yako, haijakimbia popote. Ukisema ungoje hadi habaryar wako akubaliane na miwani, utangoja hadi uzeeke.

Sasa hiyo miwani. Mimi ni Mkatoliki, siwezi kukutolea fatwa. Nilimwendea jirani yangu, ustadhi anayefundisha watoto Kurani, nikamsomea maneno hayo ya mjomba bila kutaja mtaa. Aliuliza swali moja: "Alipokuwa bila miwani, aliweza kusoma dua?" Nikamwambia hapana, ulimi ulikauka. Akasema basi haoni ubaya wa kitu kinachomtuliza mtu hadi akili imrudie, mradi asiache kumtaja Mola wake akiweza. Hayo ni yake. Swali hilo mpelekee na imamu wa msikiti wenu, afadhali uende na mjomba Gedi mwenyewe, maana mtu aliyesema kwa upole anastahili kujibiwa kwa upole.

Lakini kuna jambo ambalo nyote hamkumuuliza Sista Muthoki, na nyumba nzima imegombana kwa sababu ya jambo hilo: miwani huvuliwa lini? Nimezungumza na muuguzi wa hospitali nyingine wanakotumia kitu kama hicho, naye ameniambia kwao ni ya wakati wa kungoja. Kabla mgonjwa hajalazwa usingizi huvuliwa, madaktari huongea naye, humuuliza jina lake na anafanyiwa nini. Uliza kama kwenu ni hivyo. Kama ni hivyo, basi utafika pale ukiwa macho wazi, ulimi umelowa, na muda wa kusema shahada yako kwa utulivu. Mjomba anataka hilo. Wewe pia unalitaka. Mmekuwa mkibishana mkiwa upande mmoja.

Na usiipe miwani kazi isiyo yake. Inakushusha presha, mshukuru Mungu, ivae. Haitoi uvimbe na haiwezi kumficha mama yako. Mwambie daktari wa dawa ya usingizi waziwazi kilichotokea mara ya kwanza, asikisome tu kwenye faili, kwa sababu naye ana njia zake za kumtuliza mtu miwani ikishindwa. Muulize pia daktari mpasuaji habari ya sauti, ana kwa ana, amekata shingo ngapi na zimekuwaje. Mtandao haujakuona shingo.

Sasa nikugombeze.

Ulisema mpango wako ulikuwa mzuri. Hebu tuumalizie, kwa sababu wewe uliukatia mahali ulipoamka. Tuseme jambo limekwenda vibaya, au hata limechelewa tu, umebaki ndani kuliko ilivyotarajiwa. Hospitali inampigia nani? Triza. Triza anafanya nini? Anatoka alipo anakuja Majengo, anabisha hodi, na mama yako anamfungulia akidhani umesahau kitu cha kazini. Triza aseme nini, binti yangu? Aanzie wapi? Ulimpa msichana aliyekuokoa mzigo huo bila hata kuufikiria. Na mama yako, mwanamke aliyekuwa amekunja shuka ya Alhamisi, ajue kwamba Jumanne yote mwanawe alikuwa chini ya kisu na yeye alikuwa anachambua mchele. Hata ukiamka salama, na ninaamini utaamka, hilo atalibeba. Hutaki watu wakuombe radhi kitandani, halafu unajitengenezea la kuomba radhi maisha yako yote.

Desturi yenu ni nzuri. Wengi wetu tunazika watu huku tunatamani tungewaambia neno moja, ninyi mmejitengenezea nafasi ya kulisema. Ubaya haukuwa radhi. Ubaya ulikuwa wodi, asubuhi ya upasuaji, foleni, na yule mzee na "alikuwa" yake. Kwa hivyo usiiue desturi, ihamishe. Jumapili kabla ya upasuaji waite nyumbani mchana, wote, chai ya maziwa na kaimati. Waambie mapema: leo ndiyo siku ya radhi, kila mmoja aje na lake, na ninyi nyote mtasikia langu. Zakariye aseme mkoba alimpa nani, usimwachie. Cheka nao. Likiisha limeisha, wodini haliji tena. Wanawake wa Jumatano na waje Jumapili, Yasini haibagui siku.

Habaryar mpe cheo. Ninasema kweli. Mtu mwenye sauti kama ile asipopewa kazi hujitafutia, na mara ya mwisho alijitafutia wewe. Mwambie: "Habaryar, hospitali wanataka mtu mmoja imara akae nje, apokee kila atakayekuja, asimruhusu yeyote kuingia." Utaona hakuna atakayepita. Na wewe habaryar, kama unasomewa safu hii na umejitambua kwenye habari ya kukoroma, dada yangu, hiyo ndiyo kazi yako, na watu wa Garissa uwapigie simu uwarekebishe.

Amebaki mama.

Nadhani hili ndilo lililokufanya ushike kalamu, mengine yote ni maua ya pembeni. Huogopi kisu kama unavyoogopa neno la mama yako. Umeliweka moyoni kwamba akilisema, basi. Nani alikuambia? Mimi nimelea watoto watatu na nimekaa mwisho wa vitanda vya hospitali nikishika miguu, na nakuhakikishia mama anayenyamaza hivyo hana siri ya kifo chako. Ana jambo la uhai wako ambalo hajapata namna ya kuliweka. Huenda ni kwamba alikuona umejifunika shingo muda wote huo na hakukuuliza. Huenda ni la ajabu kama la kukoroma. Sijui, nawe hujui, na mmekaa nyumba moja mnalizunguka. Usimpe asubuhi ya upasuaji alisemee huko, mbele ya wauguzi na mashine. Mpe leo. Mpe jikoni, wawili tu, akiwa na kazi mikononi, ndivyo wanawake wengi husema mambo makubwa. Ukilia, lia. Presha ikipanda leo hakuna anayeipima.

Na Jumatatu hulali Kayole. Unalala kwenu, unatoka na mama yako, yeye ndiye anayeingia nawe wodini, yeye mmoja, na shuka yake. Kliniki ikifunguliwa tu, mpigie Sista Muthoki wabadilishe nambari ya kupigiwa, iwe ya mama, na ya mjomba Gedi nyuma yake. Triza mwache kazini akupokelee simu zako.

Mama akitaka kuijua hiyo miwani, mwombe Sista Muthoki amvalishe kwanza yeye, kabla yako. Naye anangoja, naye anaogopa, na hakuna aliyemwuliza.

Gazeti hili linatoka Jumamosi. Mtaa wenu unasoma, na habaryar anasomewa, kwa hivyo huna wiki ya kutafuta maneno mazuri. Huyahitaji. Ukifika mwisho wa mstari huu, inuka, nenda alipo, na useme hivi tu: "Mama, si Alhamisi. Ni Jumanne, na nataka uje."